Jiwe la Mama Mkwe

Mwalimu wa jiografia tunayemsimulia hapa alikuwa akiitwa Mwamba, na aliyembandika jina hilo ama alikuwa na utani mbaya, ama alikuwa bado hajamwona. Mwamba, kama tujuavyo sote, ni mtu wa kifua, mtu akiingia mahali watu wanapunguza sauti. Huyu wetu alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, mpole kupita kiasi, akijigonga kwenye mlango anauomba mlango radhi. Jina lilimjia kwa sababu ya mawe tu. Hakuweza kuliona jiwe akalipita kimya kimya.

Kutembea naye kutoka shuleni hadi nyumbani ilikuwa adhabu. Atachuchumaa kando ya barabara, ataokota jiwe, atalilamba. Ndiyo, atalilamba, maana jiwe likilowa rangi zake hujitokeza, na ulimi mtu hausahau nyumbani. Halafu atalitia mfukoni. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, alichoka kushona mifuko iliyotobolewa akaanza kumwekea mifuko ya turubai. Siku ya harusi yao mpiga picha alimwomba bwana harusi atoe kile kilichovimba mfukoni, kikatoka kipande cha jiwe la basalti. Bibi harusi alicheka sana, na kwa kuwa alicheka siku ile, hakuwa tena na pa kuanzia kulalamika.

Darasani ndiko alikokuwa mwamba kweli. Mtu yuleyule aliyesalimia hadi paka wa jirani, akishika chaki alipaza sauti. Akifundisha miamba ya moto, ile inayotokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, aliruka juu na kuanguka ubaoni kama aliyetapikwa na mlima. Akifika kwenye miamba tabaka aliwaamuru wanafunzi warundike madaftari yao yote mezani, moja juu ya jingine, akiita kila daftari kwa jina: hili mchanga, hili tope, hili makombe ya konokono wa baharini. Halafu ndiyo ikaja siku ya miamba geu, siku ambayo shule nzima iliingojea. Mwalimu alikuja na mkate mzima, akauweka kwenye kiti, akaukalia.

"Huu ulikuwa mkate," alisema akiwa amekaa, uso umemkaza kwa bidii. "Sasa umepata joto na mgandamizo. Si mkate tena. Haukuyeyuka, lakini umegeuka. Hivyo ndivyo jiwe la chokaa linavyogeuka marumaru."

Wanafunzi waliugombania mkate huo baadaye, na sina la kusema juu ya usafi wao.

Sasa, mawe aliyokuwa akiyatembeza mifukoni yalikuwa ya kufundishia. Mawe ya mtihani yalikuwa mengine. Hayo yalikuwa yamekaguliwa na kupigwa namba kwa rangi nyeupe, na mtahini kutoka nje hakubali jiwe lisilo na namba, hata ulilie magotini. Yalikaa ndani ya sanduku la mbao. Chumba cha jiografia kilipoanza kuvuja, Mwamba akaomba ruhusa ya kulihifadhi sanduku hilo nyumbani kwake. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyecheka mpaka shule ifungwe, alimwambia: "Lichukue. Lakini siku ya mtihani nisisikie hadithi." Mwamba akaapa. Akaliweka sanduku kwenye ujia kati ya sebule na jikoni, akalifunika vizuri, akaliamini. Hakulifungua tena, maana mtihani wa vitendo hauji kila mwaka.

Ulipokuja, ulikuja Jumatatu. Jumapili baada ya chakula cha mchana Mwamba alipiga magoti ujiani, akajifuta mikono kwenye suruali, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na viazi. Juu ya viazi palikuwa na vitunguu, na katikati ya vitunguu kiatu kimoja cha mtoto ambacho nyumba nzima haikumjua mwenyewe.

"Mama watoto!" Sauti ilimtoka nyembamba.

Mkewe alikuwa sebuleni anapiga pasi sketi ya mteja. Hakuinua kichwa.

"Uliniambia mwenyewe mawe hayaozi," alisema. "Viazi vinaoza. Nikaona kati ya hivyo viwili, kinachohitaji sanduku ni viazi."

"Na mawe?"

"Mawe yapo kazini."

Mwamba alishika ukuta. Kesho asubuhi darasa zima litasimama mbele ya meza tupu na kuandikiwa sifuri, watoto aliowarukia na kuwaangukia mwaka mzima, na kosa litakuwa lake peke yake. 

"Kazini wapi?"

Mkewe alielekeza kidole bila kuacha kazi. Jiwe bapa jeusi, lile lililoanza maisha kama tope laini, likageuka tabaka, kisha likabanwa na joto hadi likawa gumu na kupasuka vipande vyembamba kama kurasa, lilikuwa chini ya pasi yake. "Haliungui," alisema kwa heshima. Graniti yenye madoa makubwa ilikuwa imezuia mlango wa nyuma usibamizwe na upepo. Jiwe la mchanga lilikuwa kwa muuza nyama, analinolea visu. Marumaru ilikuwa kwa mwoka mikate, anakandia unga juu yake kwa sababu haipati joto. La chokaa lilikuwa kwa Mama Kuku, nyumba ya tatu.

"Kuku wanafanya nini na jiwe?"

"Wanakula."

Mwamba alifumba macho. "Limebaki lile lenye matundu," alisema. "Jepesi, la kijivu. Namba sita."

Hapo pasi ikasimama. Mkewe alikunja sketi vizuri zaidi kuliko ilivyohitaji. "Hilo," alisema kwa sauti ya chini, "analo mama."

Mwamba akakaa juu ya viazi.

Ili msimwone mwoga, niwaeleze mambo yalivyokuwa. Mama mkwe alikuwa akiishi nao kwenye chumba cha nyuma tangu goti lake lilipoanza kumsumbua. Alikuwa mama wa haiba, mzito, mwenye nguo zilizonyooka na sauti ya taratibu. Kati yake na Mwamba palikuwa na heshima nene kama godoro. Walijuliana hali asubuhi, wakajuliana hali jioni, wakazungumzia mvua, basi. Hawakuwahi kukaa kochi moja. Na huyu mama alikuwa na jambo moja la kujivunia kuliko hata watoto wake, nalo ni miguu. Visigino vyake vilikuwa laini mno, wanawake wa mtaani wakivitaja walishusha pumzi. Sasa hebu niambieni, mkwe mwanamume anasimamaje mbele ya mama huyo akamwambia, nipe jiwe unalosugulia visigino?

"Kamwombe wewe," alimwambia mkewe.

"Mimi? Nilimpa kama zawadi. Nilimwambia limetoka kwako."

Akaamua kuanza na yaliyo rahisi. Kwa muuza nyama alilikuta jiwe la mchanga limechimbika katikati kwa miaka ya kunolewa visu. "Ni zuri hili," muuza nyama alinung'unika akilitoa, "lina meno." Lina meno, Mwamba alimweleza akiwa tayari anasahau haraka yake, kwa sababu ni punje za mchanga zilizorundikana chini ya maji zikagandishwa pamoja, na punje bado ni kali. Muuza nyama alisema yeye hajali lilikotoka ilimradi lirudi. Mwoka mikate aliitoa marumaru kwa machozi, ikinukia hamira. Mama Kuku alirudisha nusu jiwe. Nusu ile nyingine, alisema bila aibu, ilishageuka maganda ya mayai, na akamwonyesha mayai yenyewe, magumu hadi ukiyavunja unatafuta nyundo. Mtu mwingine angekasirika. Mwamba alisimama kwenye banda la kuku akiwa ameduwaa kwa furaha, maana chokaa ile ilitokana na makombe ya viumbe wa baharini waliokufa zamani, na sasa ilikuwa imerudi kuwa ganda. Alitaka kumwambia mtu. Palikuwa na jogoo tu, akamwambia jogoo. Namba, kwa bahati, ilikuwa kwenye nusu iliyobaki.

Jua lilipoanza kushuka hakuwa na kisingizio tena. Akapiga moyo konde, akaenda kusimama nje ya chumba cha nyuma.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

Aliingia na kuinamisha macho kwa adabu kama siku zote. Chini alikoinamisha macho ndiko ilikokuwa miguu yenyewe, imenyooshwa juu ya kigoda, inang'aa. Aliyainua macho upesi hadi darini.

"Mbona unaangalia dari? Linavuja?"

"Halivuji, mama. Nilikuwa nimekuja kukujulia hali."

"Umenijulia asubuhi."

"Hali ya… ya chini, mama."

"Chini wapi?"

 Mwamba alisema pana kitu fulani kilichotoka sandukuni, cha kijivu, ambacho huenda kikawa kinatumika, si vibaya kutumika, katika sehemu fulani za mtu zinazogusana na sakafu. 

"Umekuja kuniuliza habari za miguu yangu," alisema mama mkwe.

"Hapana, mama! Yaani, ndiyo, lakini si miguu, ni—"

"Binti yangu! Njoo umsikie mume wako!"

Kule sebuleni cherehani iliongeza mwendo, kama ya mtu asiyetaka kusikia.

"Sawa," alisema mama mkwe akivuta gauni lake hadi miguu ikafichika. "Kesho naondoka. Naenda kwa mkwe wangu mwingine, yule muuza mabati. Miaka yote ile hajawahi kuniuliza hata habari za kiatu."

Mwamba angetoka pale kimyakimya, kama tunavyomjua. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu akifika hapo hushika anachokijua. Yeye alikijua kimoja tu.

"Mama, lile si jiwe, ni povu!" alipaza sauti, na mikono ikaanza kuruka. "Chini kabisa ya ardhi mawe yanayeyuka kwa joto, yanakuwa uji, na ndani ya uji mna hewa imebanwa. Umewahi kutikisa soda halafu ukaifungua? Inafanyaje? Inaruka! Basi mlima unalipuka, uji unaruka juu na povu lake, na kabla povu halijapasuka, linapoa hewani, linaganda papo hapo! Ile graniti iliyo mlangoni ni ndugu yake, ila yenyewe ilipoa chini kwa chini, polepole sana, ndiyo maana ikapata punje kubwa. Hili halikupata muda. Hili ni povu, mama, lenye matundu yake yote. Ni jepesi mpaka linaelea majini!"

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, akihema. Mama mkwe alikuwa amemtolea macho. Hakujua kwamba mkwe wake ana sauti.

"Jiwe linaelea?" aliuliza hatimaye.

"Linaelea, mama. Kesho wanafunzi wangu watalitia majini, litaelea, na hapo ndipo watakapolitambua. Bila hilo watafeli. Na ni kosa langu, si lako."

Laiti angeomba beseni la maji palepale, mambo yangekuwa mengine. Hakuomba. Mama mkwe alifikiri, akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso safi.

"Halitoki peke yake," alisema. "Likienda, naenda nalo."

Na hivyo Jumatatu asubuhi chumba cha mtihani kilikuwa na meza sita, jiwe kila meza, beseni la maji kwa majaribio, wanafunzi waliochana nywele, mtahini kutoka nje mwenye tai ya kahawia, na nyuma kabisa, kwenye benchi, mama mmoja mzito aliyevaa gauni lake la kwendea harusini. Mtahini aliuliza huyo ni nani. Mwamba alisema ni mwenye jiwe namba sita. Mtahini akaandika kitu.

Mambo yalikwenda vizuri. Walishika, walikwaruza, walinusa. Mmoja aliandika kuwa marumaru inanukia mkate, na kwa hilo hakukosea. Kisha msichana mmoja, aliyekuwa wa kwanza kila muhula, akalichukua jiwe namba sita, akatabasamu kama aliyekutana na rafiki, akaliweka taratibu juu ya maji.

Likazama. Halikusita hata kidogo. Lilienda moja kwa moja hadi chini ya beseni, likatulia huko, na juu ya maji ikabaki duara ndogo ya mafuta.

Msichana alilitazama. Akatazama karatasi yake. Polepole akakifuta alichokuwa ameandika, na waliokuwa nyuma yake, walipoona bingwa anafuta, nao wakafuta.  Mwamba alimwendea mtahini, akamnong'oneza kwamba jiwe lina hitilafu.

"Hitilafu gani?" Mtahini hakunong'ona.

"Matundu yameziba, mheshimiwa. Limetumika."

"Limetumika kufanya nini, na nani? Nitajie sababu niiandike, ama swali libaki lilivyo."

Chumba kizima kiligeuka kusikiliza. Mwamba aliwatazama wanafunzi wake, kalamu mkononi, nyuso zimewashuka. Akatupia jicho benchi la nyuma. Mama wa watu amekaa wima ndani ya gauni la kwendea harusini, na sasa avitaje visigino vyake mbele ya watoto? 

"Ni mimi," alisema. "Nasugulia visigino."

Mtahini alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini. Alikuwa mtu wa kazi yake, asiyekubali dai lisilo na ushahidi.

"Vua kiatu," alisema.

Mwamba alivua kiatu, akavua soksi. Jamani. Kisigino kilikuwa kimepasuka huku na huku, kikakunjamana, kikajipanga tabaka juu ya tabaka, la kijivu, la njano na jingine nisilolijua.

"Mheshimiwa!" kijana mmoja alipiga kelele kutoka meza ya tatu. "Huo ni mwamba tabaka!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mlangoni, alilazimika kutoka nje. Mwamba alisimama kwa mguu mmoja, kiatu mkononi, masikio yakimuwaka, akirudia kwa ukaidi, "Ni mimi, ni mimi tu."

"Mwache mkwe wangu avae kiatu chake," ilisema sauti ya taratibu kutoka nyuma, "watoto wanatakiwa kula mchana."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Alikuja mbele akichechemea kwa goti lake, akashika ukingo wa meza, na mbele ya mtahini, darasa na mwalimu mkuu aliyekuwa amerudi kuchungulia, alivua kiatu kimoja, akageuza mguu, akaonyesha kisigino.

Hakuna aliyecheka. Kilikuwa kisigino kizuri kweli.

"Sabuni asubuhi na mafuta ya mgando jioni," alisema, "na jiwe hilo katikati, kila siku ya Mungu. Ndiyo maana limezama. Uongo wa huyu baba msiuandike, amenidanganyia mimi nisiaibike. Sasa nimeshaonekana, yamekwisha. Waacheni watoto waandike walichokuwa wanakijua."

Mtahini alitoa lenzi yake. Aliinama akakitazama kisigino, akalitoa jiwe kwenye beseni akalitazama, akarudi kwenye kisigino. Kisha akasimama na kutangaza kuwa ushahidi umekubalika, jaribio la maji kwa namba sita limefutwa, wanafunzi watazame matundu kwa lenzi, na kila aliyefuta anaruhusiwa kuandika upya. Kalamu zikashuka kwenye karatasi zote kwa pamoja.

Mtihani ulipoisha Mwamba alimkuta mama mkwe kwenye ngazi za nje, anapumzisha goti, jiwe likiwa ndani ya leso mapajani mwake. Alijikuta ameketi kando yake, ngazi ileile, bila kufikiri. Alitaka kumshukuru, lakini alikuwa analia kidogo.

"Mama, mimi… sijui nianzie wapi…"

"Nyamaza," alisema mama mkwe. Aliifungua leso, akalichukua jiwe, akalikandamiza kwenye kiganja cha mkwewe na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe. "Nimekiona kisigino kile, baba. Na mwanangu analala nacho kitanda kimoja. Anza leo."